Maneno ya Kanga Baina ya Mume na Mke Kisiwani Pemba

Mgeni afikaye Wete au Chake Chake huona wanawake wamejitanda kanga za rangi nzuri, akadhani ni pambo tu. Lakini kanga ina sehemu tatu: pindo lizungukalo kandokando, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno machache yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji. Jina hilo ndilo nitakalo kulieleza, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Pemba ni njia mojawapo ya mke kusema na mumewe.

Hapo kwanza kanga hazikuwa na maneno. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso wakaziunga kuwa nguo moja, na Mombasa hata leo kanga huitwa leso. Majina yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, alitia alama ya "Mali ya Abdulla" katika kanga zake, zikajulikana pwani nzima.

Basi, kwa nini mke asiseme kwa kinywa chake? Yatupasa kufahamu adabu ya nyumba. Kwa desturi ya wazee, mke aliyefunzwa na somo yake hamwiti mumewe kwa jina. Humwita "Baba Fulani", kwa jina la mtoto. Kumjibu kwa ukali ni utovu wa adabu, na kumshitaki kwa majirani ni aibu yao wote wawili. Walakini uchungu upo, nao hauwezi kukaa moyoni siku zote. Asubuhi mke hujitanda kanga yenye neno lipatanalo na jambo lake, akamwandalia mumewe chai, wala hasemi kitu. Mume akisoma akafahamu, vema. Akikasirika na kuuliza, jibu lipo: "Mimi nimependa rangi yake tu." Neno limefika, wala hapana aliyelisema.

Tena jina moja huwa na maana nyingi. Tutwae methali "Wema hauozi". Mume akimletea mkewe kanga hiyo baada ya kuuguzwa naye, ni shukrani. Mke akiivaa siku aliyosikia kuwa mumewe ataka kuoa mke wa pili, ni lawama kali. Maana haimo katika maneno peke yake, bali katika nani kavaa, mbele ya nani, na siku gani; kamusi haimfai mtu hapa.

Hatari yake ni kwamba fumbo halina anwani. Lililokusudiwa mume huweza kumchoma mke mwenza au wifi, akadhani amesemwa yeye, na ugomvi ukaanza kwa mtu asiyehusika.

Waume nao hunena kwa njia hii. Wakati wa mavuno ya karafuu, fedha zikipatikana, mume hununua doti, yaani kanga mbili zilizo sawa. Mwenye busara husoma jina kabla ya kulipa. Achaguaye rangi tu huweza kupeleka nyumbani tusi alilolinunua mwenyewe.

Siku hizi watu wa nyumba moja hupelekeana maneno kwa simu pia. Lakini maneno ya simu yana jina la aliyeyapeleka na saa aliyoyapeleka, hayakanushiki. Kanga zingali zikiuzwa, na wanawake wengi dukani huikunjua nguo na kusoma jina kabla hawajauliza bei.