Ofisi mpya isimtie mlemavu maradhi

Karani mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikuja kliniki mara tatu katika muda wa miezi minne, kila mara akilalamika kuwa mkojo unamchoma. Nilipomwuliza anakunywa maji kiasi gani kazini, alicheka. "Daktari, nikinywa nitaenda wapi?"

Kampuni yake ilikuwa imehamia jengo jipya lenye lifti na vioo vya kupendeza, lakini mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake. Basi alikuwa akishinda na kiu hadi jioni.

Mtu asipokunywa maji ya kutosha na kubana mkojo kwa saa nyingi, viini huzaana kwenye kibofu. Visipotibiwa mapema, vinaweza kupanda hadi kwenye figo. Hatari huzidi kwa aliyeumia uti wa mgongo, kwani huenda asihisi maumivu. Dawa nilimpa, lakini dawa haipanui mlango.

Kwa hivyo, mwajiri, pima jengo kabla ya kutia sahihi mkataba wa kukodi. Mlango uwe na nafasi wazi isiyopungua sentimita 80. Ndani ya choo, kiti kinahitaji kama sentimita 150 ili kigeuke, na ukutani pawe na vyuma vya kushikilia.

Penye ngazi, jenga njia ya mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, weka sentimita 12 za urefu. Ngazi za kimo cha sentimita 50 zahitaji mteremko wa mita 6. Ukiwa mkali zaidi, kiti chaweza kupinduka.

Usiwasahau wengine. Asiyeona huumia masanduku yakiachwa njiani. Kiziwi hasikii king'ora cha moto, hivyo anahitaji taa inayomulika.

Hii si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote bila kizuizi kisicho cha lazima. La muhimu ni kumwuliza mhusika mwenyewe kabla ya fundi kuanza kazi.

Nawe mfanyakazi, usinyamaze ukajinyima maji. Karani wangu alisema, na mlango ukapanuliwa. Siku hizi chupa ya maji haiondoki mezani pake.