Abiria Walioachwa Nje ya Wavu

Bakteria wa kawaida ana urefu wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Tundu la wavu unaofunika miti ya cheri huko Ulaya, kumzuia inzi wa matunda Drosophila suzukii, ni kama milimita moja. Kwa bakteria, hilo ni lango la uwanja wa mpira. Hata hivyo, wavu huamua kwa kiasi fulani nani aishi juu ya tunda.

Na wakazi ni wengi. Mwaka 2019 watafiti wa Graz, Austria, walikadiria kuwa tufaha moja hubeba bakteria wapatao milioni 100, wengi wao kwenye mbegu.

Wakulima hawakutundika nyavu kwa sababu yao. Kaskazini mwa Italia, katika mashamba ya South Tyrol, adui alikuwa mvua ya mawe. Kusini-mashariki mwa Ufaransa alikuwa nondo Cydia pomonella, ambaye kiwavi wake hutoboa tufaha hadi kwenye mbegu. Lakini kila tundu la kiwavi na kila donoo la ndege ni mlango wa kuvu Monilinia, anayeliozesha tunda likawa la kahawia. Ganda likibaki zima, mara nyingi kuvu huyo hutua tu, akakosa pa kuingilia.

Kuna pia suala la usafiri. Hamira haina mabawa, hubebwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hamira ya mvinyo hupitisha majira ya baridi tumboni mwa nyigu, na malkia wao huirithisha kwa mabuu. Inzi wa matunda naye ana hamira zake anazotembea nazo. Mdudu akifungiwa nje, abiria wake wamebaki kituoni. Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye matango ya Amerika Kaskazini: bakteria anayenyausha mimea hiyo huenezwa na mbawakavu, hivyo chandarua kinachomzuia mbawakavu humzuia bakteria ambaye angepenya kila tundu lake.

Nyuki tu ndio hufunguliwa mlango, maana bila wao matunda ni machache. Wavu hukunjwa miti ikichanua, na nyuki huingia na hamira zao hadi ndani ya ua.

Wavu una gharama yake. Upepo hupungua, umande huchelewa kukauka, na miale ya jua inayoua vijidudu hupungua. Wavu mweusi hukinga mwanga zaidi kuliko mweupe. Kwenye unyevu huo kuvu wa madoa ya masizi hustawi juu ya ganda.

Wengine huongeza paa la plastiki juu ya safu za miti. Kuvu Venturia inaequalis, anayeleta ukoko wa matufaha, huhitaji majani yaliyolowa kwa saa kadhaa ili aote, kwa hiyo paa humpunguza sana. Anayenufaika ni ubwiri unga, usiohitaji majani yaliyolowa, na ambao mvua haiji tena kuuosha.