Masisi na Walikale: Pedali ya breki ikizama, usianze kuteremka

Barabara inayopanda kutoka Sake kuelekea vilima vya Masisi haimhurumii dereva mwenye breki mbovu. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha karibu mita 1,460, na vilima vinapita mita 2,000. Upande wa Walikale, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayounganisha Bukavu na Kisangani, adui ni maji na tope la msituni. Na mara nyingi juu ya mizigo wanakaa abiria.

Pick-up na lori ndogo nyingi hutumia breki za mafuta. Mguu unasukuma pompa, nayo inasukuma mafuta ndani ya tiyo hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayabanwi, lakini hewa inabanwa. Ndiyo maana pedali inasema mengi kabla ajali haijatokea.

Pedali ikiwa laini kama sponji, na ikapanda ukiipiga mara mbili tatu, kuna uwezekano mkubwa hewa imeingia. Ukiikanyaga kwa nguvu na ikashuka polepole, angalia kila gurudumu kwa ndani, na tiyo zote. Pasipokuwa na unyevu wowote, mipira ya ndani ya pompa huenda imechoka: mafuta yanarudi nyuma bila kumwagika. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, shida iko kwenye kisaidizi kinachotumia mvuto wa injini.

Kisaidizi kinapimwa hivi: zima injini, kanyaga pedali mara tano, ishikilie, kisha washa. Kikiwa kizima, pedali itashuka kidogo tu. Endelea kukanyaga kwa dakika moja. Isipozama, pompa inashika.

Mafuta yakipungua kila wiki, kuongeza tu si kutengeneza. Ama yanavuja, ama plaketi zimekwisha. Mafuta ya injini au ya mawese yasiguse chombo hicho, kwa sababu yanavimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima. Maji nayo hayafai.

Mafuta ya breki yenyewe hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mapya yanachemka kwa nyuzi zisizopungua 205, lakini yakishaingiwa na maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta yanatoa mvuke, na pedali inaanguka. Gari likipoa pedali inarudi, na dereva anadhani imepona. Haijapona. Mafuta yabadilishwe kila miaka 2.

Kuna desturi nyingine ya hatari: tiyo ya gurudumu linalovuja inakunjwa na kufungwa ili safari iendelee. Gurudumu hilo halitashika tena, na gari litavutwa upande mmoja, labda upande wa bonde.

Kwenye mteremko, ingiza vitesi ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ibebe uzito. Na mwenye gari anayedai hesabu ya kila siku akumbuke kwamba mipira ya pompa ni kitu kidogo mbele ya lori lililoanguka na familia zinazolia. Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda: breki ziko sawa?