Je, wajua? Manjano na mapafu ya mvutaji

Manjano yanayokuachia vidole rangi unapoyatwanga yana kemikali iitwayo kurkumini. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Annamalai, kusini mwa India, walichapisha matokeo ya kuwadunga panya nikotini, kemikali ya tumbaku, kwa wiki 22. Panya waliopewa kurkumini pia, mapafu yao yaliumia kidogo kuliko ya wenzao, kwa kuwa kurkumini huzima chembe haribifu za oksijeni zinazotafuna utando wa seli.

Hata hivyo, ndugu unayevuta tumbaku pale Kongolo, kando ya Lualaba, usikimbilie sokoni bado. Hao walikuwa panya, na walipewa nikotini tupu. Moshi unaouvuta wewe una lami na sumu nyingine tele. Tena kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano, na mwili huipokea kwa shida, ingawa pilipili manga huisaidia kuingia kwenye damu. Kinga ya vidonge imewahi kugeuka balaa: utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wavutaji waliomezeshwa beta-karotini, rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza.