Mamlaka ya Matini za Kiswahili katika Majibu ya Akili Unde

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inachukulia kwamba mnunuzi amekwisha fika sokoni na bidhaa anaiona. Katika utafutaji wa taarifa kwa njia ya intaneti, sharti hilo halitimii daima. Zamani aliyeuliza swali alipewa orodha ya kurasa, naye akachagua mwenyewe. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, na Google ilipoanza kuwapa watumiaji wa Marekani muhtasari uliotungwa na akili unde Mei 2024, muulizaji hupewa jibu lililo tayari, likiambatana na vyanzo vichache tu. Matini isiyokuwa miongoni mwa vyanzo hivyo ni kama haipo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyanzo hivyo vinavyoteuliwa, na mambo ambayo mwandishi wa Kiswahili hana budi kuyazingatia. Hoja kuu ni kwamba mamlaka ya matini hayatangazwi na mwenye matini, bali hushuhudiwa na wengine. Na ushahidi huo sharti usomeke ndani ya matini yenyewe.

2.0 Aina mbili za mamlaka

Katika historia ya Kiswahili sanifu, aina ya mamlaka iliyozoeleka ni ile ya kutunukiwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipitia na kuidhinisha vitabu vya shule katika Afrika Mashariki. Baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa Tanzania mwaka 1967, lilitoa ithibati ya lugha kwa vitabu. Hapa chombo kimoja husema, na wengine hufuata.

Aina ya pili ni mamlaka ya kushuhudiwa. Mwaka 1998 Sergey Brin na Lawrence Page, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupanga kurasa kwa kuangalia ni kurasa zipi nyingine zinazozirejelea. Kurasa zinazorejelewa na zile ambazo nazo zimerejelewa sana hupewa uzito zaidi. Wazo hilo si geni kwa wanataaluma, kwa kuwa linafanana na desturi ya kunukuu kazi za wengine.

Google pia ina mwongozo kwa watu wanaopima ubora wa matokeo yake. Mwongozo huo hutaja utaalamu, mamlaka na uaminifu. Desemba 2022 uliongezewa uzoefu, yaani kama mwandishi amelifanya au ameliona jambo analolieleza. Swali linaloulizwa ni lile lile: nani amesema, lini, na kwa msingi gani? Watunzi wa tenzi walilijibu zamani kwa kutaja jina na tarehe katika beti za mwisho. Ukurasa usio na jina la mwandishi wala mwaka umepungukiwa na kile ambacho utenzi ulikuwa nacho.

3.0 Kifungu kinachojitosheleza

Kwa kawaida mifumo hii hutunga jibu kwa hatua mbili. Kwanza hutafuta vifungu vinavyokaribiana kimaana na swali; kisha modeli ya lugha huviunganisha kuwa jibu. Kinachochukuliwa mara nyingi si makala nzima bali aya moja au mbili. Jambo hili lina athari ya pekee kwa Kiswahili, ambamo kiambishi cha nafsi au cha ngeli huweza kusimama badala ya nomino. Tuchukue mifano miwili:

(a) Liliundwa mwaka 1967 na lina jukumu la kukuza lugha.

(b) Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967 na lina jukumu la kukuza Kiswahili.

Katika (a), kiambishi li- chaweza kurejelea baraza, shirika au jarida. Msomaji wa makala nzima hatatizwi, kwa sababu nomino ameiona katika aya iliyotangulia. Kifungu kikishakatwa, urejeshi huo hupotea. Sentensi (b) inajitosheleza. Kwa hiyo kutaja nomino upya mwanzoni mwa kila aya si urudufu. Ni kuilinda maana isipotee.

4.0 Istilahi na ushahidi

Kikwazo kingine ni wingi wa istilahi. Dhana moja inayojadiliwa hapa huitwa akili bandia, akili mnemba na akili unde. Mifumo ya leo huweza kutambua visawe kwa kiasi fulani, lakini matini zilizotawanyika katika istilahi tatu hushuhudiana kwa udhaifu. Inafaa mwandishi achague istilahi moja, aitumie kwa uthabiti, na azitaje nyingine mara moja pale anapotoa fasili.

Kuhusu ushahidi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao ulilinganisha mbinu mbalimbali za kuandika. Kutaja vyanzo, kuweka nukuu na kutoa takwimu kuliongeza mwonekano wa matini katika majibu hadi kufikia asilimia 40. Kurudiarudia maneno ya msingi, mbinu ya kale ya watangazaji, hakukufua dafu. Kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa Kiswahili kabla ya kupimwa, lakini mwelekeo wake unaafikiana na misingi ya uandishi wa kitaaluma.

5.0 Mipaka

Ieleweke kwamba mashine hupima dalili za ukweli, si ukweli wenyewe. Mei 2024 muhtasari wa Google ulimshauri muulizaji atie gundi katika piza ili jibini isibanduke. Chanzo kilikuwa mzaha ulioandikwa mtandaoni miaka kumi na moja kabla. Mzaha ule haukuwa na mamlaka. Ulikuwa tu ndio uliopatikana.

6.0 Hitimisho

Mfano wa gundi unawahusu wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Mahali ambapo matini nzuri haipatikani, jibu halikosekani. Hutungwa kutokana na kilichopo, hata kama ni tafsiri mbovu. Utafiti uliobaki katika karatasi, au katika picha za kurasa ambazo hazijageuzwa kuwa maandishi, hauwezi kutoa ushahidi. Kuyaweka wazi maandishi hayo yakiwa na jina, mwaka, vyanzo na istilahi thabiti ni sehemu ya kazi ya kukuza lugha, sawa na kutunga kamusi. Chema bado chajiuza, lakini sharti kwanza kifikishwe sokoni.