CHUMBA CHA UBUNIFU CHUONI: NANI ATABAKI NA UFUNGUO?

Wadau, wanafunzi wengi wabunifu hukwama hapa: wanamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, wanaomba jengo, halafu kimyaaa! Siyo kwamba wakubwa wana roho mbaya. Wanajiuliza tu: hawa wakihitimu, nani atabaki na ufunguo?

Mwanafunzi anakaa miaka 3 au 4, chumba kinabaki. Kwa hiyo anzeni chini. Mpateni mhadhiri akubali kuwa mlezi, na ombi lipitie idara yake. Tazameni majirani: C4DLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza 2013, ilizaliwa ndani ya kitengo cha kompyuta.

Msiombe jengo. Ombeni chumba kilichopo, mfano maabara isiyotumika jioni, kwa majaribio ya muhula mmoja. Hilo ni rahisi kuamuliwa na idara. Jengo jipya ni mali na fedha, na hayo ni ya Baraza la Chuo. Seneti yenyewe inashughulika na taaluma.

Kwenye barua semeni nani anafunga mlango usiku, nani analipa kifaa kikiharibika, na kazi ikizaa hela ni ya nani. Hilo la mwisho limalizeni mapema. Kwa Tanzania Bara hataza inasajiliwa BRELA. Mkianza kugombana mkiwa huko, mmeshachelewa.

Muhula ukiisha, pelekeni daftari la mahudhurio na vitu mlivyotengeneza. Hapo mnaomba nyongeza mkiwa na ushahidi mkononi, siyo ndoto.

Wadau mliopitia njia hii, mwageni uzoefu.