Kijiji, Wilaya na Wizara: Somo Kutoka Bwera

Wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara tofauti iliyopo kati ya "serikali kuu" na "serikali za mitaa", hasa wanapotafsiri habari za Uganda. Badala ya kutoa fasili tupu, katika toleo hili tunaeleza jambo lililotokea Bwera, wilayani Kasese, mwaka 2019.

Bwera ni mji mdogo wa magharibi mwa Uganda, jirani na kituo cha mpakani cha Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchini Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule huelewana kwa lugha zao, huoana na huuziana bidhaa. Anayetoka mbali zaidi hutumia Kiswahili. Tangu Agosti 2018 Ebola ilikuwa imezuka mashariki mwa Kongo, na hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200.

Tarehe 9 Juni 2019 familia moja iliingia kutoka Kongo ikiwa na mtoto mgonjwa wa miaka 5. Alipelekwa hospitali ya Kagando, ambayo ni ya kanisa. Wahudumu walishuku Ebola, naye akahamishiwa Bwera. Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe ilipima damu yake, na tarehe 11 ugonjwa ukathibitishwa. Mtoto huyo alifariki, kisha bibi yake, na baadaye mdogo wake wa miaka 3. Hata hivyo, ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda.

Je, nani alikuwa na kazi gani? Tunaweza kugawa hivi:

1. Serikali kuu. Maabara ya Entebbe, chanjo, polisi, uhamiaji na forodha viko chini yake. Wizara ya Afya ilikuwa imeanza kuwachanja wahudumu wa afya tangu Novemba 2018, kabla mgonjwa hajaonekana.

2. Wilaya. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, hospitali ya ngazi ya Bwera na vituo vya afya husimamiwa na wilaya. Mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na wananchi, ilhali Kamishna Mkazi humwakilisha Rais. Wakati wa dharura wote hawa hulazimika kuketi meza moja.

3. Kijiji. Mwenyekiti wa LC 1 na wahudumu wa afya wa kijiji ndio wanaojua mgeni amefikia nyumba gani na nani alimshika mgonjwa mkono. Wizara haina habari hiyo, wala haiwezi kuipata bila wao.

Ushirikiano huu hauna maana kwamba pande zote zina nguvu sawa. Sehemu kubwa ya fedha za wilaya hutoka serikali kuu, na nyingi huja zikiwa zimeshapangiwa matumizi. Wilaya hubeba mzigo, lakini mfuko uko Kampala. Ndiyo maana maandalizi hufaa yafanyike mapema. Mgonjwa hasubiri bajeti.

Mwishoni mwa Agosti 2019 msichana wa miaka 9 kutoka Kongo aligunduliwa na wapimaji pale pale Mpondwe. Naye pia alifariki, lakini safari hii ugonjwa ulitambuliwa mlangoni, kabla haujafika vijijini.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetafsiri asichanganye istilahi. Akiandika "serikali imewaagiza wananchi", ajiulize: ni serikali ipi? Mwanakijiji wa Bwera anayesikia tangazo lazima ajue kama aende kwa mwenyekiti wake, hospitalini au kituo cha mpakani. Neno lisilo wazi linaweza kumchelewesha mgonjwa siku nzima, na kwa Ebola siku moja ni nyingi.